Tange ya Marubani: Namba Inashuka, Mtu Anapanda

Aliyewahi kufanya kazi serikalini Tanzania anaijua tange, ile orodha ya watumishi inayofuata cheo na tarehe ya kuajiriwa, ambayo huulizwa kila zinapozuka habari za kupandishwa daraja. Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani nayo yana tange ya marubani. Tofauti ni kwamba humo hakuna cheo, hakuna alama za utendaji, hakuna barua ya mkuu wa idara. Kuna siku uliyoanza kazi, basi. Mkongwe kuliko wote ni namba 1, aliyeingia juzi ni wa mwisho, na kwenye shirika kama Delta, United au American huyo wa mwisho ana namba inayopita 15,000.

Namba hiyo huamua unaruka ndege gani, unakaa kiti cha kapteni kushoto au cha msaidizi kulia, kituo chako ni Atlanta au New York, likizo yako inaangukia Agosti au Februari, na Krismasi utaila kwako au hotelini pembeni ya uwanja. Mshahara unafuata hesabu yake nyingine, na hapa watu huchanganya mambo. Kiwango cha malipo kwa saa hupanda kwa miaka ya utumishi hadi mwaka wa 12, kisha husimama. Rubani msaidizi aliyefika mwaka wa 12 hulipwa takribani theluthi mbili ya kapteni mwenye miaka hiyo hiyo kwenye ndege hiyo hiyo. Kwa hiyo akishafika hapo, ukiacha mkataba mpya wa chama, pesa zaidi ziko kwenye kiti kingine au ndege kubwa zaidi. Vyote viwili huombwa kwa namba.

Jambo linalowashangaza sana marubani wanaotoka kwetu ni kwamba namba haihamishiki. Kapteni mwenye saa 12,000 alizozipata Nairobi au Doha, akipata haki ya kufanya kazi Marekani na kuajiriwa na United, anaanza chini kabisa kama msaidizi, kwa mshahara wa mwaka wa kwanza, nyuma ya kijana wa miaka 26 aliyeripoti wiki moja kabla yake. Kampuni za Ghuba zimewahi kuchukua makapteni wa nje moja kwa moja hadi kiti cha kushoto, kwa hiyo waliozoea huko huuona mfumo wa Kimarekani kama dharau. Si dharau. Ni mapatano ya vyama na waajiri yaliyojengeka kwa miongo mingi chini ya sheria ya kazi za reli ya 1926, ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa ikagusa na ndege. Shabaha yake ni kwamba msimamizi asiwe na nafasi ya kumpendelea mtu, wala ya kumwadhibu rubani aliyekataa kuruka ndege yenye hitilafu.

Hata ndani ya darasa moja la waajiriwa wapya, walioanza siku moja asubuhi moja, lazima namba zipangwe. Mashirika mengi humpa mkubwa wa umri namba ndogo zaidi. Mengine hutumia tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, mengine huokota vikaratasi. Utaratibu wa umri una mantiki yake: mwenye miaka 50 akiwekwa mbele ya mwenye miaka 28, kijana hapotezi kitu cha kudumu, kwa sababu mzee atastaafu na kumpisha. Ukigeuza, mzee atakaa nyuma ya kijana hadi siku yake ya mwisho kazini bila kupishwa hata mara moja.

Sasa hesabu. Sheria ya Marekani inamkataza rubani wa shirika la ndege kuruka baada ya kufikisha miaka 65, na tange za kampuni nyingi zinajulikana pamoja na tarehe za kustaafu za kila aliyemo. Hiki ni kitu adimu katika kazi yoyote duniani: unaweza kujua leo, kwa jina na tarehe, ni nani aliye mbele yako atakayeondoka Machi ya miaka 19 ijayo. Marubani wana majedwali ya kompyuta yanayochora mstari huo, na mwajiriwa mpya huupigia hesabu kabla hata ya kumaliza simuleta, ile mashine ya mafunzo inayoiga ndege.

Chukua shirika la kufikirika lenye marubani 10,000. Wewe umeajiriwa leo ukiwa na miaka 35, namba 10,000. Ndani ya miaka kumi, 4,000 kati ya walio mbele yako watafikisha 65. Namba yako itakuwa 6,000. Hiyo karibu ni hakika, na watu wengi huishia hapo wakifurahi. Lakini namba 6,000 ni nzuri au mbaya? Jibu haliko kwa waliostaafu. Liko kwa walioajiriwa nyuma yako.

Kampuni ikiajiri mtu mmoja kwa kila anayestaafu, miaka kumi baadaye tange bado ina watu 10,000 na wewe uko kwenye asilimia 60 kutoka juu. Ikikua hadi watu 12,000, namba ni ile ile 6,000, ila sasa uko katikati, kwenye asilimia 50. Isipoajiri hata mmoja, tange ina watu 6,000 na wewe ni wa 6,000. Umepiga hatua 4,000 na bado wewe ndiye wa mwisho: unakaa zamu ya akiba, unapewa safari zilizokataliwa na wote, na mambo yakiharibika wewe ndiye wa kwanza kupumzishwa bila mshahara. Kustaafu kwa wazee kunakusogeza kwenye foleni tu. Ajira mpya ndiyo inayoifanya foleni iwe na mkia nyuma yako.

Kosa la kwanza la wanaojipigia hesabu ni kuhesabu wastaafu wote wa kampuni badala ya walio mbele yao tu. Mtu aliyeajiriwa baada yako akiwa na miaka 57 atastaafu kabla yako, lakini hakusogezi hata hatua moja. Kosa la pili ni kusahau kwamba si wote hungoja 65. Kapteni wa shirika aliyepita miaka 40 hupimwa afya kila miezi sita, na kila awamu ya vipimo huangusha baadhi yao. Hawa hawatoki kwenye tange mara moja. Wengi huingia kwenye malipo ya ulemavu na namba zao hubaki pale pale, jina lipo ila kiti kitupu. Walio kwenye utumishi wa kijeshi nao hulindwa na sheria ya 1994, namba zao zikiendelea kusogea wakiwa huko. Ndiyo maana mwenye namba 6,000 kwenye tange anaweza kuwa wa 5,500 tu miongoni mwa wanaoruka kweli. Kwenye kuomba ratiba, anayeshindana naye ni anayeruka.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi: kutazama asilimia ya kampuni nzima na kusahau kundi lako. Kila nafasi ni mchanganyiko wa mambo matatu, yaani kituo, aina ya ndege na kiti. Kapteni wa 737 New York ni kundi moja, msaidizi wa A350 Atlanta ni jingine. Rubani huangalia nani ni wa mwisho kushikilia kundi fulani, na namba ya huyo ndiyo kizingiti. New York ina sifa ya kuwa kituo cha vijana: maisha ni ghali, kufika uwanjani ni taabu, wengi hawataki kuishi huko, kwa hiyo kizingiti kiko chini sana. Mtu anaweza kuwa kapteni New York akiwa kwenye asilimia 90 ya tange, na akangoja miaka kumi zaidi kupata kiti hicho hicho kwenye kituo kinachopendwa. Kuna wanaokataa kabisa. Hubaki wasaidizi kwa hiari, wakongwe wa kiti cha kulia, wakichagua safari nono na siku wanazotaka, kuliko kuwa kapteni wa mwisho kundini, anayelala na simu mto mmoja.

Simu hiyo ndiyo zamu ya akiba. Kwenye akiba ya karibu, rubani huwa tayari kwa muda uliopangwa, ambao kanuni za uchovu zilizoanza Januari 2014 haziruhusu upite saa 14, na akipigiwa huwa na saa mbili hivi kuripoti. Ukiishi Florida na kituo chako kikawa New York, hiyo ina maana ya kulipia kitanda cha kupanga karibu na uwanja na kukaa humo ukisubiri. Kila mwezi marubani huingiza maombi yao kwenye programu, nayo huanza kwa namba ndogo ya kundi na kushuka, ikimpa kila mtu kilicho bora kati ya kilichobaki. Wa mwisho haombi, anapokea. Watu kumi wapya wakiingia chini yako kwenye kundi la watu mia, maisha yako yamebadilika kuliko wakistaafu wazee mia moja wa Boeing 777 usiowahi hata kuonana nao.

Hata hivyo wazee hao wa 777 wana kazi kubwa katika mashine hii. Kapteni mmoja wa ndege kubwa akistaafu hafungui nafasi moja, anafungua mnyororo. Kapteni wa 737 anapanda kwenda ndege kubwa. Msaidizi wa 767 anachukua kiti cha kapteni wa 737. Msaidizi wa 737 anakwenda 767. Mwajiriwa mpya anaingia 737. Ni mzee mmoja aliyestaafu, mafunzo manne, na kila moja ni wiki kadhaa za darasa na simuleta, kisha safari za uangalizi na mwalimu. Ukizidisha kwa wastaafu mia kadhaa kwa mwaka utaona kwa nini kizuizi mara nyingi huwa simuleta na walimu, na wala si uhaba wa waombaji. Kampuni nazo hujihami: ukishafundishwa ndege mpya unafungwa hapo kwa muda, mara nyingi miaka miwili, usiombe nyingine. Mikataba nayo humhami rubani. Mtu wa nyuma yako akipelekwa mafunzoni kabla yako kwa kiti ulichokwisha kukipata, mikataba mingi hukulipa wewe kiwango cha kiti hicho wakati ungali kwenye kile cha zamani.

Wanaoanza leo hudhani mstari wa jedwali ni ahadi. Wangeuliza walioajiriwa miaka ya 1999 na 2000. Hao waliingia wakati mzuri, kampuni zinakua, na kizazi kikubwa kilicho mbele yao kikikaribia miaka 60, ambayo ndiyo iliyokuwa kikomo tangu mwaka 1960. Ikaja Septemba 11, 2001, maelfu wakapumzishwa. Zikaja kesi za kufilisika: United Desemba 2002, US Airways mara mbili, Delta na Northwest siku moja Septemba 2005. Halafu Desemba 13, 2007, Rais Bush akatia saini sheria iliyosogeza kikomo kutoka 60 hadi 65. Kwa usiku mmoja milango ya kutokea ikafungwa. Kwa miaka mitano, hadi Desemba 2012, karibu hakuna aliyelazimika kustaafu kwa umri, na ndani ya miaka hiyo ukaangukia mdororo wa uchumi wa 2008. Mtu aliyekuwa wa mwisho alibaki wa mwisho mwaka baada ya mwaka. Wapo waliopumzishwa mara mbili katika kazi moja.

Sheria hiyo haikurudi nyuma. Aliyefikisha miaka 60 Desemba 12 alikuwa amestaafu, na akitaka kurudi alipaswa kuajiriwa upya na kuanza mwisho wa tange. Aliyefikisha Desemba 14 aliendelea na namba yake miaka mitano zaidi, akiwa kapteni wa ndege kubwa kuliko zote.

Ndiyo maana hoja ya kusogeza umri hadi 67 iliwasha moto. Baraza la Wawakilishi liliiweka kwenye muswada wa anga wa 2023, lakini haikuwamo kwenye sheria iliyosainiwa Mei 16, 2024, na chama kikubwa cha marubani, ALPA, kiliipinga. Binafsi naona upande wa kiufundi ulikuwa na uzito kuliko ule wa huruma. Kikomo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni 65, kwa hiyo kapteni wa A350 mwenye miaka 66 asingeruhusiwa kuruka kwenda Paris. Angelazimika kurudi kwenye ndege za ndani, namba yake ndogo ikimsukuma kapteni wa 737 kwenye kiti cha msaidizi, naye msaidizi asukumwe chini zaidi, kila mmoja akihitaji mafunzo upya. Ni mnyororo ule ule, safari hii ukikimbia kinyumenyume.

Mwaka 2020 ulifanya kinyume cha 2007. Abiria walipotoweka, kampuni ziliwalipa marubani wakongwe waondoke mapema, na maelfu wakakubali. Walio chini waliruka mamia ya namba ndani ya miezi. Wengi hawakutambua kwamba huo ulikuwa mkopo. Mzee aliyeondoka na miaka 63 mwaka 2020 ndiye yule yule ambaye jedwali lilimhesabu mwaka 2022. Ulipofika 2022, nafasi yake ilikuwa imeshaliwa.

Wakati huohuo safari zilirudi kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa na ajira ikalipuka. Chini kabisa kulikuwa na lango jembamba: baada ya ajali ya ndege ya shirika la Colgan, safari namba 3407, karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, Bunge lilidai rubani wa shirika awe na saa 1,500, kanuni iliyoanza Agosti 2013. Punguzo lipo kwa waliotoka jeshini, saa 750, na kwa wenye shahada ya urubani ya miaka minne, saa 1,000. Mashirika makubwa yalinyonya marubani wa mashirika madogo ya mikoani, na haya yakabaki na ndege zisizo na makapteni. Huko juu, 2022 na 2023, kilitokea kitu ambacho kizazi cha 2001 kisingekiamini: nafasi za kapteni zikatangazwa na kukosa waombaji, zikaangukia watu wenye miezi tu kwenye kampuni. Kilichowazuia wengine haikuwa namba tena bali kanuni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inayodai saa 1,000 za kuruka kwenye mashirika ya ndege kabla ya kukaa kushoto. Rubani wa kivita mwenye uzoefu mkubwa alikuwa nazo sifuri.

Kipindi hicho ndipo usemi wa marubani, kwamba usiahirishe tarehe ya darasa, ulipodhihirika kwa hesabu. Kampuni inayochukua watu 200 kwa mwezi, ukiahirisha mwezi mmoja ili umalize harusi ya dada yako, umepoteza namba 200. Hazirudi. Watu hao 200 watachagua likizo kabla yako mpaka wastaafu, na kama ni vijana kuliko wewe, utatoka wewe uwaache.

Kuungana kwa kampuni ndiko kunakoweza kufuta jedwali lote. Tange mbili zinachanwa na kushonwa kuwa moja, na hakuna njia inayowaridhisha wote. Ukifuata tarehe ya kuajiriwa, kampuni kongwe iliyodumaa inameza vijana wa kampuni inayokua. Ukifuata uwiano wa viti, kapteni kwa kapteni, mkongwe aliyekwama kwenye kampuni inayosinyaa anajikuta nyuma ya mtoto. US Airways na America West ziliungana 2005. Msuluhishi George Nicolau akatoa uamuzi Mei 2007: takribani marubani 500 wa juu wa US Airways wakae mbele, waliobaki wachanganywe kwa uwiano, waliokuwa wamepumzishwa wakae chini. Marubani wa US Airways, wenye miaka mingi kazini na ajira isiyosogea, walikasirika hadi wakakipigia kura chama chao kitoke, 2008, wakaunda kingine. Uamuzi ule haukutekelezwa kamwe. Pande hizo mbili ziliendelea kuruka kwa tange mbili tofauti mpaka kampuni ikaungana tena na American Desemba 2013, na orodha moja ya wote ilikuja kutolewa 2016. Tangu mwishoni mwa 2007 sheria inadai uunganishaji uwe wa haki na usawa, na ukishindikana uende kwa msuluhishi. Imezuia kuwabandika wote wa kampuni iliyonunuliwa mwishoni, jambo lililowakuta marubani wengi wa TWA mwaka 2001. Mabishano hayajaisha.

Baada ya 2023 kasi ilipungua. Ndege mpya za Boeing zilichelewa kufika, United ikasitisha madarasa kwa muda katikati ya 2024, na Southwest ikapunguza ajira. Spirit, shirika la nauli nafuu, ilianza kuwapumzisha marubani mwaka huohuo, na baadhi ya makapteni wake wakarudishwa kiti cha kulia, kisha kampuni ikaingia ulinzi wa mufilisi Novemba 2024 na tena Agosti 2025. Wazee wanaendelea kutoka kwa mamia kila mwaka, kwa sababu wimbi lililoajiriwa miaka ya 1980 na 1990 ndilo linalofikia 65 sasa, na mwaka wa kuzaliwa hauahirishwi na Boeing. Kinachoyumba ni mkia. Aliyeajiriwa 2021 tayari ana maelfu nyuma yake. Aliyeingia na darasa la mwisho kabla ya milango kufungwa ana namba inayosogea kila mwezi, huku akibaki kwenye akiba kituo kile kile.

Kapteni wa kampuni kama Spirit mwenye miaka kumi, akihamia kampuni kubwa leo, anaacha kiti cha kushoto cha Airbus na namba aliyoijenga, anaingia darasani na wenzake wapya 40. Kama ndiye mkubwa wa umri humo, atapata namba ndogo kuliko wote darasani.